Tangi la samaki likivuja: jinsi ya kutafuta chanzo na kulirekebisha nyumbani

Ukikuta maji sakafuni chini ya tangi la samaki, usikimbilie silikoni, ile gundi ya mpira ya kuungia vioo. Mara nyingi kioo hakina kosa. Maji yametoka kwenye filta, kwenye mpira wa maji uliokakamaa, kwenye pampu ya hewa, au yamerushwa nje na mapovu. Hata mshono wa kioo ukiwa ndio unaovuja, silikoni ya kupaka kwa nje haisaidii: haishiki kwenye kioo chenye unyevu, na maji yanaisukuma kutoka ndani mpaka ibanduke. Baada ya wiki mvujo unarudi, na sasa umefichwa chini ya uchafu mweupe unaochukua saa nzima kuukwangua.

Maelezo haya ni ya matangi ya kioo ya nyumbani, yale ya lita 50 hadi 250 hivi. Tangi la akriliki lina gundi yake maalumu inayoyeyusha plastiki na kuiunganisha, na silikoni haishiki vizuri humo. Ukigonga kwa kucha likatoa sauti nzito ya plastiki badala ya mlio wa kioo, usitumie sehemu ya silikoni hapa chini. Sehemu za filta, mipira na pampu zinakufaa vilevile.

Kabla ya kugusa chochote

Umeme kwanza. Chomoa vifaa vyote kwenye soketi ya ukutani. Kama ekstensheni imelala sakafuni na imelowa, usiiguse. Zima breka kuu, ndipo uiondoe. Nyumba yenye tangi la samaki inastahili breka ya kinga ya milliampia 30 (mA 30), ile inayokata umeme unapovujia kwenye maji au mwilini mwa mtu. Fundi umeme anaifunga kwa muda mfupi.

Hita isubiri dakika 20 hadi 30 baada ya kuchomolewa kabla hujashusha maji. Kioo chake kikiwa cha moto na kikabaki wazi hewani, kinapasuka.

Kisha fikiria uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 hubeba kilo 182 za maji peke yake, kabla ya kuhesabu kioo, mawe na mchanga. Usilisogeze hata sentimita moja likiwa na maji. Kulivuta kunapinda kioo cha chini, na mshono uliokuwa mzima unaachia palepale.

Kama mvujo ni mdogo, shusha maji kidogo kidogo kwa mpira na ndoo, na samaki wabaki ndani. Kama ni mkubwa, wahamishie kwenye ndoo za lita 20 au beseni pana ambalo halijawahi kuguswa na sabuni. Tumia maji ya tangi lenyewe, weka jiwe la hewa (kijiwe cha pampu ya hewa kinachotoa mapovu), na funika kwa wavu au kitambaa chepesi kwa sababu samaki walioshtuka huruka. Wenye ugomvi, hasa sikilidi (cichlid, jamii ya perege) wa kiume, kila mmoja awe na ndoo yake.

Usisahau sponji na vijiwe vya ndani ya filta. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaosafisha amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki, na bakteria hao wanahitaji oksijeni. Filta iliyofungwa bila umeme kwa saa kadhaa huishiwa oksijeni, na maji yake yakirudishwa kwenye tangi yanaweza kuwadhuru samaki. Ifungue, toa vitu vyake, viloweke kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye hewa. Usivisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini.

Kutafuta chanzo

Tone unaloliona haliko lazima chini ya tundu. Maji hutambaa kwenye ukingo wa kioo, hufuata mpira au waya, huzunguka kona, kisha hudondoka mahali pengine kabisa. Ndiyo maana unaanza kwa kukausha kila kitu: kioo kwa nje, meza, filta, mipira, waya. Tandaza magazeti makavu kuzunguka tangi na chini ya filta. Funga vipande vya tishu kwenye kila kiungo cha mpira. Washa vifaa, kisha rudi kila baada ya dakika 15. Tishu ya kwanza kulowa ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia. Kutoka hapo fuata maji kuelekea juu, siyo chini.

Kuna mambo manne yanayofanana na mvujo na si mvujo:

Jasho la kioo. Ukijaza maji baridi siku ya joto lenye unyevu, kama kawaida ya Mombasa au Dar es Salaam, kioo kinatoka matone kwa nje. Yafute, yakirudi sawasawa uso mzima wa kioo, hayo yametoka hewani.

Mnyunyizo. Jiwe la hewa lililo karibu na ukingo hupasua mapovu na kurusha matone madogo yanayokusanyika nyuma ya tangi. Funika tangi kwa usiku mmoja uone.

Waya na mipira. Maji hutambaa juu ya waya wa hita mpaka kwenye soketi. Kila waya unaotoka kwenye tangi ushuke chini ya kiwango cha soketi kwanza, ndipo upande juu kwenye soketi, ili maji yadondoke pale kwenye bonde. Hili lifanye leo hata kama hakuna kinachovuja.

Kukauka kwa kawaida. Tangi lisilo na kifuniko, likipigwa na feni, hupoteza maji mengi. Weka ndoo pana yenye maji kando ya tangi, tia alama kwenye ndoo na kwenye kioo kwa tepu, na linganisha baada ya saa 24. Viwango vikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, hakuna mvujo. Tangi likishuka zaidi sana, endelea kutafuta.

Kwa mvujo wa kioo ipo njia isiyohitaji kifaa chochote: chomoa vyote, tia alama kwenye usawa wa maji, uache maji yavuje. Yatashuka mpaka mahali fulani yasimame. Tundu liko kwenye usawa huo, iwe upande wowote. Yakiendelea kushuka mpaka mchangani, basi ni mshono wa chini.

Filta ya kopo inayovuja kwenye kifuniko

Filta hii, ile inayokaa chini ya tangi na kuunganishwa nalo kwa mipira, ndiyo inayoongoza kwa kulowesha sakafu. Kati ya kopo na kichwa cha filta kuna oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji, na karibu kila mara tatizo ni uchafu au ukavu wa oringi hiyo. Chembe moja ya mchanga au uzi wa jani chini yake unatosha. Wanaofuga sikilidi wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa wana mzigo mara mbili: samaki hao huchimba mchanga na kuurusha mpaka kwenye mdomo wa filta, na maji yao magumu (yenye madini mengi) ya pH ya juu, yaani yasiyo na uchachu, huacha ukoko wa chokaa kwenye kila kiungo. Ukoko huo huiinua oringi ikashindwa kukaa sawa.

Fanya hivi:

1. Chomoa umeme, funga vali zote mbili za mipira, tenganisha mipira, na upeleke filta bafuni au uani. Weka beseni chini yake kabla ya kufungua.

2. Fungua klipu kwa jozi zilizotazamana, inua kichwa wima. Toa oringi kwa vidole au kijiti cha mbao. Bisibisi huikwaruza, na huikwaruza pia ile njia inamolalia, na mkwaruzo huo ndio mvujo wako ujao.

3. Sugua njia ya oringi kwa mswaki laini. Kama kuna chokaa, weka kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe kwa nusu saa, kisha sugua tena na usuuze. Usitumie kisu.

4. Kagua oringi kwa kuivuta kidogo kuzunguka duara lote. Nyufa ndogo, sehemu iliyobapa, au ugumu unaoifanya isirudi umbo lake ni sababu ya kuibadilisha. Ikiwa imebapa kidogo tu, iloweke kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika 10. Mpira huvimba tena kidogo na kukupa wiki chache za kutafuta nyingine. Usiichukulie kama tiba ya kudumu.

5. Paka grisi ya silikoni, ile isiyodhuru maji ya kunywa. Kiasi cha punje ya harage kinatosha duara zima. Oringi ing'ae tu, isiwe na donge. Mafuta ya mgando ya kujipaka hayafai, kwa sababu yanavimbisha na kulegeza baadhi ya aina za mpira. Mafuta ya kupikia huganda na kunata.

6. Irudishe bila kuipindua. Oringi iliyojisokota huonekana nzima ukiitazama juu juu, lakini ukipitisha kidole utasikia mahali inapopanda na kushuka.

7. Angalia vikapu. Sponji zikijazwa kupita kiasi zinasukuma kichwa juu, na klipu zinafunga huku upande mmoja umeinuka nusu milimita. Kikapu cha juu kikae chini ya ukingo wa kopo. Funga klipu zilizotazamana kwa wakati mmoja.

8. Jaza maji filta ikiwa bado ndani ya beseni, iwashe kwa saa moja, ndipo uirudishe chini ya tangi.

Oringi ya asili isipopatikana, peleka ya zamani kwenye maduka ya spea yanayouza sili na beringi, ipimwe unene na kipenyo cha ndani. Unene ndio muhimu zaidi. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuleta mvujo au kuzuia kifuniko kisifunge.

Kichwa chenyewe kikiwa na ufa, hasa kwenye masikio yanayoshika klipu, usikibandike kwa gundi. Sehemu ile inabeba nguvu yote ya kufunga, na gundi huachia usiku watu wamelala. Nunua kichwa, na kama hakiuzwi peke yake, nunua filta.

Zile filta ndogo zinazoning'inia nyuma ya tangi huvuja kwa sababu nyingine kabisa. Sponji ikiziba, maji hayapiti tena ndani yake, yanapanda na kumwagika nyuma kupitia shimo la pampu. Osha sponji kwa maji ya tangi, na hakikisha filta iko sawa kwa pimamaji. Ikilalia nyuma hata kidogo, maji yanafuata huko.

Mipira, vali na viungo

Mpira wa maji ulioshika kiungo kwa mwaka mzima hupanuka na kuwa mgumu mwishoni. Kata sentimita 2 hadi 3 za mwisho kwa wembe mpya, mkato uliosimama sawa, siyo wa mshazari. Tumbukiza ncha kwenye maji ya moto kwa dakika moja, kisha isukume mpaka iguse mwisho wa kiungo, na ukaze nati. Hakikisha mpira uliobaki haujawa mfupi kiasi cha kuvutika. Mpira unaovutwa pembeni hutoka wenyewe.

Ukienda kununua, taja vipimo vyote viwili, cha ndani na cha nje. Saizi za kawaida za filta ni milimita 9 kwa 12, 12 kwa 16, na 16 kwa 22. Mpira wenye kipenyo sahihi cha ndani lakini ukuta mwembamba hautabanwa na nati ya filta. Klipu ya chuma inafaa kwenye maji baridi ikiwa ni ya chuma kisichoshika kutu. Kwenye tangi la maji ya bahari tumia ya plastiki, na ukiona ukoko mweupe wa chumvi kwenye kiungo, huo ni mvujo mdogo mno unaokauka kabla haujadondoka. Ukaushe, fungua, safisha na ukaze. Usingoje tone.

Vali za kufungia maji zina oringi ndogo ndani ya shina. Zikivuja unapozungusha mpini, chomoa shina, loweka kwenye siki kwa saa moja au usiku kucha kama chokaa ni nene, paka grisi, rudisha. Usilazimishe mpini uliokwama. Plastiki yake inavunjika kwa urahisi, na ikivunjika filta ikiwa imeunganishwa, maji yote ya juu ya mdomo wa mpira yanashuka sakafuni.

Viungo vya kukaza vya plastiki vifungwe tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko mitatu hadi minne, ukizungusha kufuata upande wa kukaza ili tepu isijikunje. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Nguvu zaidi hupasua kiungo cha kike (kile chenye thredi kwa ndani), na ufa huo huanza kuvuja siku kadhaa baadaye.

Umeme unapokatika

Mvujo unaotokea usiku wa mgao wa umeme na kupotea umeme ukirudi una sababu moja: maji yanarudi kupitia mpira kwa uvutano wake yenyewe.

Pampu ya hewa iliyo chini ya usawa wa maji hupata hatari hiyo kila umeme unapokatika. Hewa ikiacha kusukuma, maji huingia kwenye mpira mwembamba, hushuka mpaka kwenye pampu, na kutoka hapo sakafuni. Dawa ni vali ya njia moja, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye tangi. Iweke juu ya usawa wa maji, mshale ukielekea kwenye tangi. Ijaribu kwa kupuliza: upande mmoja upitishe, mwingine usipitishe kabisa. Ndani kuna kipande chembamba cha mpira kinachokakamaa, kwa hiyo ibadilishe kila mwaka. Ikiwezekana, weka pampu juu ya usawa wa maji. Hapo hata vali ikifa hakuna kinachotokea.

Wenye sampu, yaani tangi la pili chini linalopokea maji na kuyarudisha juu, wanapata mafuriko kwa njia hiyohiyo. Pampu ikizima, bomba la kurudishia hugeuka kuwa mfereji wa kushushia maji mpaka mdomo wake ubaki wazi. Toboa tundu la milimita 3 hadi 5 kwenye bomba hilo, sentimita moja chini ya usawa wa maji, ili livute hewa na kukata mtiririko. Tundu hilo huzibwa na mwani. Lisafishe kila mwezi. Kisha jaribu kwa makusudi mchana ukiwepo: zima pampu, tazama sampu inajaa mpaka wapi, tia alama. Usawa wa kawaida wa sampu usizidi pale ambapo maji hayo ya ziada yanapata nafasi.

Kiungo kinachopita kwenye tundu la kioo ni ndugu wa tenki konekta inayofungwa kwenye matangi ya plastiki ya kuhifadhia maji. Kosa linalorudiwa sana ni kuweka washa ya mpira upande wa nati. Washa inakaa upande wa kichwa kipana, mara nyingi ndani ya tangi, ili nati iweze kuzunguka bila kuisokota. Safisha kioo kuzunguka tundu, weka washa kavu bila silikoni, kaza kwa mkono na uongeze robo mzunguko. Silikoni kwenye washa huifanya iteleze na kutoka nje ya mahali pake. Baadhi ya nati hizi hukazwa kinyume cha kawaida, kwa hiyo angalia thredi kabla ya kutia nguvu.

Hita

Ukiona matone au ukungu ndani ya bomba la kioo la hita, chomoa umeme kabla hujatia mkono kwenye maji, uitupe. Haitengenezwi. Hakuna gundi wala silikoni inayostahili kuaminiwa kati ya waya wenye umeme wa volti 230 na maji unayotia mkono.

Mshono wa kioo

Tangi la kioo lina silikoni mbili. Ya kwanza iko katikati ya kioo na kioo, na ndiyo inayobeba nguvu. Ya pili ni ule ukanda wa pembetatu unaouona kwenye kona za ndani, unaoilinda ya kwanza na kuzuia maji. Kabla ya kuamua, tazama ya kwanza kwa tochi kutoka nje. Ikiwa safi na ya rangi moja, kubadilisha ukanda wa ndani kunatosha. Ukiona mapovu au mikanda ya kung'aa inayovuka kutoka ndani mpaka nje, kioo kimeshaachana na silikoni, na tangi linahitaji kubomolewa na kuunganishwa upya. Kwa tangi lenye kimo cha zaidi ya sentimita 50, kazi hiyo mpe fundi wa matangi. Msukumo wa maji unatokana na kimo chake, na kosa dogo kwenye tangi refu linapasua kioo.

Mahitaji kwa tangi la 90 kwa 45 kwa 45: mche (kopo refu) mmoja wa silikoni wa mililita 280 hadi 310, bunduki yake ya kuisukumia, nyembe 10 na kishikio, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, asetoni au spiriti isiyo na rangi, taulo za karatasi. Mishono ya ndani ina jumla ya mita 4.5, na ukanda wenye upana wa milimita 8 kwenye kila kioo unatumia takriban nusu ya mche. Iliyobaki isikupe tamaa ya kuongeza unene.

Chagua silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya akwariamu, au ya asilimia 100 inayonuka siki inapokauka na isiyo na dawa ya kuvu. Zile za bafuni zinazojisifu kuzuia kuvu zina sumu kwa samaki, na muuzaji wa hadwea atakupa hiyo kwanza usipouliza. Soma mche mwenyewe. Angalia pia tarehe. Silikoni iliyopita muda hubaki laini kama ubani wa kutafuna na haikauki.

Ondoa tangi kwenye meza, lisafishe, likauke. Kisha kwangua ukanda wote wa ndani, kona zote nne na pande zote nne za chini. Usibadilishe sehemu inayovuja tu. Silikoni mpya haishiki kwenye ya zamani iliyokwisha kukauka, na pale zinapokutana patakuwa na mlango wa maji. Laza wembe karibu sambamba na kioo, kata upande mmoja, kisha wa pili, uvute ukanda. Usichomeke wembe kati ya kioo na kioo. Ukikata ile silikoni ya kwanza, umeharibu tangi lililokuwa linaokolewa.

Utando mwembamba usioonekana ndio unaoangusha kazi hii. Pitisha kidole kikavu kwenye kona: kikikwama au kuteleza kama kwenye raba, bado ipo. Kwangua tena kwa wembe mpya, futa kwa asetoni, subiri dakika chache, futa tena kwa karatasi safi. Fungua madirisha, na pasiwe na jiko wala sigara karibu. Baada ya hapo usiguse kona kwa vidole.

Bandika tepu milimita 8 kutoka kwenye kona, pande zote mbili za kila mshono. Kata ncha ya mche kwa mshazari, tundu la milimita 5 hadi 6. Kisha fanya haraka: utando wa juu huanza kuganda ndani ya dakika 5 hadi 10, na mapema zaidi kwenye unyevu wa pwani. Maliza kona nne za wima kwanza, halafu chini, au upate msaidizi mmoja anayelainisha nyuma yako. Sukuma silikoni mbele ya ncha badala ya kuivuta nyuma, ili ijaze kona bila kuacha hewa. Lainisha kwa mpigo mmoja mrefu kwa kidole chenye glavu au kijiko cha plastiki. Kurudia rudia kunachana utando na kuacha mashimo. Ng'oa tepu papo hapo, ukivuta kuelekea katikati ya kioo. Ukingoja, inang'oa ukingo wa silikoni.

Ukiona povu dogo dakika ishirini baadaye, liache. Kulichokonoa ni kuharibu ukanda mzima.

Silikoni hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, kwa kasi ya milimita 2 hadi 3 kwa siku. Saa 24 zilizoandikwa kwenye mche ni za ukanda mwembamba. Kwa ukanda wa milimita 8 ngoja siku tatu kamili, na kwa tangi la kimo cha sentimita 45 au zaidi ngoja siku saba. Usilianike juani na usilipulizie hewa ya moto. Harufu ya siki ikiwa bado ipo unapoingiza kichwa ndani, haijawa tayari. Asidi hiyo hushusha pH na kuwachoma samaki.

Kioo chenyewe kikiwa na ufa, hesabu ni tofauti. Ufa wa pembeni unaweza kuwekewa kiraka cha kioo kwa ndani, kinachovuka ufa kwa sentimita 5 kila upande na kuzungushiwa silikoni. Ufa wa kioo cha chini hauwekewi kiraka, kwa sababu uzito wote uko hapo. Badilisha kioo kizima. Fundi vioo akikukatia, dai unene unaofanana na wa zamani au zaidi: kwa kawaida milimita 6 kwa tangi la urefu wa 60 na kimo cha 36, milimita 8 kwa 90 na 45, milimita 10 kwa 120 na 50. Kingo zisagwe. Na asijaribu kutoboa kioo kilichoimarishwa kwa moto ili kiwe kigumu. Kitasambaratika chote kwa mpigo mmoja.

Kujaribu na kurudisha samaki

Jaribu tangi nje au bafuni, juu ya mbao bapa iliyo sawa kwa pimamaji. Tangi ambalo kioo chake cha chini kinagusa meza moja kwa moja litandikiwe sponji au tandiko jembamba la povu. Lenye fremu ya plastiki inayoinua kioo lisiwekewe chochote, kwa sababu povu litasukuma kioo juu. Weka magazeti makavu kuzunguka, jaza theluthi moja, ngoja saa 12. Theluthi ya pili, saa 12. Jaza lote, saa 24. Ukitaka kuona mvujo mdogo, tia matone ya rangi ya chakula. Mwaga maji hayo yote, suuza mara mbili.

Kabla ya kulirudisha tangi, pitisha mkono na pimamaji juu ya meza yake. Ubao uliovimba kwa maji ya mvujo wa kwanza huacha kona moja hewani, na kona hiyo ndiyo itakayoachia mshono mpya. Panga mawe makubwa moja kwa moja juu ya kioo au juu ya kipande cha plastiki, kabla ya mchanga, ili sikilidi wakichimba yasianguke.

Rudisha maji ya zamani uliyoyahifadhi, ongeza mapya yaliyotolewa klorini na yenye joto linalokaribiana, washa filta yenye vijiwe vyake vilivyobaki na unyevu, ndipo uhamishe samaki. Kwa siku saba za kwanza lisha nusu ya kawaida, kwa sababu sehemu ya bakteria itakuwa imekufa, na pima amonia kila siku ya pili. Ikionekana, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo. Magazeti yaache sakafuni kwa wiki hiyo yote.